Mnong'ono na Basi Jeupe

Meza yangu ya kupigia pasi iko barazani, ukuta mmoja na kinyozi. Mbele yetu barabara inapinda, na ikishapinda tu inaanza kupanda kilima. Kituo cha basi kiko hapo hapo, chini ya kona. Ndiyo maana wapenzi wa mabasi wamepachagua hapa kwetu. Kwenye tambarare, anasema Kinyozi, hata yeye angeendesha.

Wapenzi wenyewe ni watatu. Kinyozi, ambaye viti ni vyake. Fundi Saa, mwenye kibanda cha kioo upande wa pili wa mlango. Na Mama Pacha, muuza mayai, ambaye hushuka hapa kila asubuhi na trei zake, akasema anapumzika kidogo tu, halafu ukimwona anaondoka jua limeshakuwa kali. Wanapenda mabasi ya kampuni moja, ile ya hapa mjini. Ya kampuni nyingine yakipita hawageuzi hata shingo.

Ukiwasikiliza bila kujua wanachoongelea utadhani wanasengenya majirani.

"Umemwona Kikohozi? Wamemtia taa mpya."

"Taa za lori zile! Amekuwa kama mtu aliyevaa miwani ya babu yake."

"Afadhali yeye. Bibi Harusi wamemvua mapazia yote. Nilimwona jana nikaona aibu mimi."

Kikohozi na Bibi Harusi ni mabasi. Yote yalikuwa na rangi zilezile: kijani chini, rangi ya maziwa juu, na mstari mwekundu kiunoni. Hata huo mstari waliugombania. Yale ya zamani mstari wake ni mnene, yaliyofuata ukapunguzwa, na Mama Pacha alikuwa hajasamehe.

"Mstari mwembamba unalikondesha basi," alikuwa akisema. "Basi ni mtu mzima, avae mkanda."

Walikuwa na mchezo wao. Basi likisikika linakuja, Kinyozi anazima mashine, mteja anabaki nusu kichwa, na wote watatu wanageukia ukuta. Kuchungulia marufuku. Wanasikiliza dereva anavyoshusha gia kuanza kilima, halafu wanamtaja. Yupo waliyemwita Mvunja Kuni, kwa jinsi gia zake zilivyolia. Yupo Daktari wa Meno, huyo sina haja ya kueleza. Na yupo mmoja ambaye gia yake ilikuwa haisikiki ikiingia, injini inabadilisha sauti tu, kama mtu anayekwambia jambo sikioni. Huyo walimwita Mnong'ono. Wakimtambua walikuwa wanaliita jina kwa nguvu, wote kwa pamoja, "Mnong'onooo!" mpaka mteja kwenye kiti anashtuka.

Mnong'ono ni baba yangu.

Mimi kwenye mchezo sikuruhusiwa. "Wewe mtoto wa refa," Kinyozi aliniambia, "piga pasi zako." Nami nilipiga pasi, uso wangu umeelekea barabarani, kwa hiyo nilikuwa naona wasichokiona wao. Baba akiitwa, hakugeuka. Mikono kwenye usukani, macho mbele, kama hakusikia kitu. Lakini dirisha lake la pembeni halikuwahi kufungwa akipita pale, hata mvua inyeshe. Alirudi nyumbani bega moja limelowa, mimi nikalipokea shati nikalianika, hatukuulizana.

Nyumbani tuko wawili tu, tangu Mama alipotutoka.

Basi siku moja Fundi Saa alikuja na habari kabla hata hajafungua kibanda.

"Yamefika! Yako karakana. Meupe."

"Meupe vipi?" Kinyozi akauliza.

"Meupe. Yote. Yana stika ya kijivu ubavuni, kama wimbi. Injini nyuma, milango ya umeme, mito ya hewa badala ya springi."

"Kijani?"

"Hakuna kijani."

"Mstari?" Mama Pacha naye.

Fundi Saa akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu anayeleta taarifa ya msiba.

"Sasa hilo si basi," Kinyozi akasema. "Hilo ni friji limewekewa matairi."

Walibishana siku nzima. Kinyozi upande wa rangi, Fundi Saa upande wa mashine. Fundi Saa anasema mtu haangalii ganda la saa, anaangalia ndani. Kinyozi anamjibu mbona yeye wateja wake wote wanaangalia nje, tena kwenye kioo. Katikati ya ubishi huo ndipo Fundi Saa akatoa la mwisho, kama halina uzito.

"Na gia yanajibadilishia yenyewe. Klachi hakuna, mguu wa kushoto hauna kazi."

Nikaona Kinyozi ametupa jicho upande wangu, kisha akalirudisha haraka kwenye kichwa cha mteja.

Jioni Baba alinikuta nakatakata vitunguu. Alivua viatu, akakaa.

"Wamenipa la kwanza," akasema. "Mimi ndiye wa zamani kuliko wote."

"Hongera, Baba!"

"Ahsante, mama."

Huwa ananiita hivyo, mama. Tulipokuwa tunakula niliangalia chini ya meza, nikaona mguu wake wa kushoto unakanyaga sakafu. Unakanyaga, unaachia, unakanyaga, unaachia. Kandambili ilikuwa inalialia. Yeye mwenyewe nadhani hakujua.

Siku basi jeupe lilipopita mara ya kwanza, watu walitoka madukani. Kinyozi, yule wa kuliita friji, alikuwa wa kwanza kufika ukingoni mwa barabara, simu mkononi. Akapiga picha taa, akapiga matairi, akapiga ile stika. Fundi Saa alichuchumaa kuangalia basi linavyojishusha upande wa abiria, huku akisema "oo, oo," kama anamwona mtoto anajifunza kutembea. Mama Pacha aligusa mlango. Baba alikuwa juu, nyuma ya kioo cheusi, amevaa sare mpya ya kijivu niliyoinyoosha kola mwenyewe. Aliinua mkono. Wote walikuwa wanaangalia basi. Mkono ukashuka.

Baada ya hapo meupe yaliongezeka, na wapenzi wakaanza kuyazoea. Mama Pacha, aliyeyasema vibaya kuliko wote, ndiye aliyekuwa anayapanda kila siku na mayai yake, kwa mlango wa nyuma, kwa hiyo akajifanya mtaalamu.

"Hayafanani," alituambia. "Breki zake ni kali, dereva akigusa tu mnainama wote kama mnasali. Nimevunja mayai mpaka nimechoka. Lakini liko moja, la asubuhi, hilo wamelifunga mito mingine. Mito ya nguvu. Mle trei naiweka magotini, mikono naiachia, natafuta nauli kwenye mkoba."

"Yote yametoka kiwanda kimoja, Mama Pacha," Fundi Saa akasema. "Mito ni ileile."

"Wewe umelipanda?"

"Sijalipanda, lakini nimelisoma."

"Basi endelea kusoma. Mimi nimelikalia."

Siku hiyo hiyo mchana walijaribu mchezo wao. Nadhani walikuwa wameukosa. Basi jeupe lilikuja, likasimama kituoni, watu wakashuka. Kinyozi akazima mashine, wakageukia ukuta. Basi likaondoka kuelekea kilimani. Hakuna kilichosikika ila mvumo tu, mmoja, kuanzia chini hadi juu, kama feni.

"Nani huyo?" Mama Pacha akauliza.

"Huyo ni yule kijana aliyeajiriwa juzi," Fundi Saa akasema. "Hana mkono kabisa. Hata ladha hana."

"Kijana, kijana huyo," Kinyozi akakubali, kwa sauti yake ile ya kusikika hadi ng'ambo. "Siku za Mnong'ono zimekwisha, jamani. Sasa yeyote anaendesha."

Sikuwahi hata kuiweka pasi chini. Alikuwa Baba. Dirisha lake dogo la pembeni lilikuwa wazi, na nilimwona anageuza kichwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya enzi za kuitwa jina. Aliwaangalia migongo yao mitatu pale ukutani. Halafu akafunga dirisha na basi likapanda.

Mimi ni mtu wa kuangalia kwanza, kusema baadaye. Siku hiyo niliangalia tu.

Jioni Baba aliniletea sare, seti moja, zimekunjwa.

"Mama, hizi zifue, uzipige pasi vizuri. Nataka kuzirudisha ofisini. Nimeshamwambia msimamizi tuongee kesho."

"Umepewa nyingine?"

"Sijapewa nyingine."

Nilikaa kwenye mkeka. Yeye alikuwa kwenye kiti chake, anasugua goti la kushoto.

"Basi limekushinda, Baba?"

"Lingenishinda ningefurahi. Mtu akishindwa si anajifunza? Halinishindi. Linakwenda. Nikikaa mimi linakwenda, akikaa mwingine linakwenda vilevile. Leo nimeitwa kijana wa juzi." Akacheka kidogo, lakini hakikuwa kicheko. "Sijaudhika nao. Wamesikiliza, hawakusikia kitu. Watamtaja nani?"

"Ulikuwa unawasikia siku zote?"

"Sasa mama, dirisha liko wazi na Kinyozi ana mdomo ule!" Akasugua tena goti lake. "Mama yako alipoondoka, nilikuwa nikifika pale kwenye kona, najiambia, haya, wapo watu wananijua napita. Ni upuuzi. Mtu mzima."

Nilizifua zile nguo usiku ule. Asubuhi alinikuta nazigusagusa kambani.

"Zimekauka?"

"Bado, Baba. Nikizipiga pasi hivi zitatoa harufu. Ofisi haitapokea nguo yenye harufu."

"Jua lipo."

"Halijatoka vizuri."

Akaangalia juu, jua liko pale linatuangalia wote wawili. Hakubishana. Alivaa seti nyingine akaenda kazini.

Nilipofika barazani sikuwasha pasi. Nilisimama mlangoni kwa Kinyozi mpaka wote watatu wakaniangalia.

"Yule wa jana mchana," nikasema, "hakuwa kijana. Alikuwa Baba. Na alisikia."

Kinyozi alikuwa na wembe kwenye shingo ya mtu. Aliuondoa taratibu, akauweka mezani.

"Nilichosema kile... kwamba siku zake..."

"Alisikia chote. Anataka kuacha kazi. Leo hii anakwenda kuongea na msimamizi."

Fundi Saa alivua ile lenzi yake ya jichoni, akaipangusa kwa shati, akairudisha, akaivua tena.

"Haiwezekani," akasema. "Sikio langu mimi?"

"Sikio lako lilisikia injini," Mama Pacha akamwambia. "Injini ni ya kiwandani." Kisha akaniangalia mimi. "Baba yako anaendesha zamu gani, mwanangu?"

"Ya asubuhi. Akirudi, ile ya mchana."

"Ya asubuhi ile ninayoshukia mimi? Ya kwanza kabisa?"

"Ndiyo hiyo."

Mama Pacha alikaa chini, kwenye trei. Namshukuru Mungu ilikuwa tupu.

"Mito," akasema. "Nimewaambia mji mzima habari za mito. Jamani, mimi ni mjinga kiasi gani? Kumbe si mito. Ni mguu."

Kinyozi akauliza mguu gani. Fundi Saa ndiye aliyeelewa kwanza, akapiga paja.

"Wa breki! Sisi tumekaa nje tunasubiri mguu wa kushoto, mwenzetu ameshahamia kulia!"

"Sasa utausikiaje ukiwa nje?" Mama Pacha akasema. "Husikii. Mpaka uwe umelipanda."

Jambo lililofuata wateja wa Kinyozi wanalisimulia hadi leo. Alimpangusa yule mtu shingo, akamwambia malipo hayatakiwi, upande wa kulia ataumalizia akirudi, akafunga duka. Mchana mweupe. Yule mtu alikwenda zake ameshika kichwa.

Basi la mchana lilipokuja tulipanda mlango wa nyuma, sote wanne. Mimi nilikuwa sijawahi kupanda basi la Baba tangu nianze kazi. Nilikuwa nalitazama tu likipita. Ndani palikuwa na ubaridi na harufu ya plastiki mpya. Mama Pacha alikaa. Fundi Saa aliweka kiganja chake kwenye chuma, vidole vimenyooka, kama daktari. Kinyozi alisimama katikati ya njia, akafumba macho, akaweka mikono mfukoni.

"Mzee, shika chuma," kondakta akamwambia.

"Niache, kijana. Niko kazini."

Tulipanda kilima. Tukateremka upande wa pili, ambako kuna kituo mbele ya duka la mbao, mahali pabaya, barabara imeinama. Nilijishikilia kiti. Kinyozi hakutikisika. Alikuwa amesimama vilevile, kichwa kimeinama kidogo, nyuma yake watu wamejaa na mizigo yao.

"Mzee, pisha, tunashuka," mama mmoja akasema.

"Subiri basi lisimame, dada. Utaanguka."

"Limesimama zamani! Mlango uko wazi!"

Kinyozi akafumbua macho. Akaangalia mlango, akaangalia watu wanashuka, akaangalia duka la mbao limetulia pale dirishani. Alivuta pumzi na akaita kwa ile sauti yake yote, ndani ya basi la watu:

"Mnong'onooo!"

Mtoto akaanza kulia. Mtu akauliza kama kuna mgonjwa. Fundi Saa na Mama Pacha nao wakaita, na mimi, niliyekatazwa mchezo miaka yote, nikaita nao, jina la baba yangu ambalo sijawahi kulitamka. Kule mbele niliona masikio yake yanasogea nyuma, kama ya mtu anayezuia kitu usoni. Halafu macho yake kwenye kioo cha juu. Yalinitafuta mpaka yakanipata.

Kituo cha mwisho abiria walishuka wote, tukabaki sisi. Baba alikuja akasimama mbele yetu, kofia mkononi.

"Mmefunga duka?" akamwuliza Kinyozi.

"Mzee wangu, tulikukosea. Tuligeukia ukuta."

"Hamkukosea. Hakuna cha kusikia."

"Ndiyo maana tumeingia ndani," Mama Pacha akasema. "Mimi nilikuwa humu kila siku, Mzee, na sifa zako nawapa watengeneza mito."

Fundi Saa hakuwa na muda wa kuomba radhi, alikuwa ameshafika kwenye pedeli. "Unaifanyaje? Breki ile ni ya upepo, inakamata yote au inaachia yote."

Baba alikunakuna kichwa. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumwuliza.

"Unaikanyaga mapema," akasema. "Halafu likikaribia kusimama unaiachia kidogo kidogo. Ni kama unapomlaza mtoto. Ameshasinzia, lakini ukiutoa mkono ghafla anaamka. Kwa hiyo unautoa..." Akaonyesha kwa kiganja, polepole, kama unatoka chini ya kichwa kidogo. "Huyu hapa alikuwa mgumu kulala, huyu. Mama yake alikuwa na zamu hospitalini, mimi nabaki naye. Nilipata mazoezi."

Wote waliniangalia. Niliangalia sakafu ya basi, mpya, haina hata mkwaruzo.

Msimamizi alikuja dirishani na karatasi zake. "Mzee, ulitaka tuongee leo. Ile habari ya kuacha."

Baba aliigeuzageuza kofia yake. Nikajua kama nitavuta pumzi kwa nguvu nitaharibu kitu.

"Tutaongea," akasema.

"Lini sasa? Nataka kupanga madereva."

"Siku nyingine. Kesho nipange."

"Zamu gani?"

"Ya asubuhi, bwana msimamizi, tafadhali," Mama Pacha akawahi. "Nina mayai."

Tulipogeuza, Kinyozi na Fundi Saa waligombania kiti cha mbele mpaka kondakta akawaambia wanamwaibisha. Baba akawaambia kile kina mwenyewe, akaniita mimi. Nikakaa nyuma yake kidogo, upande wa mlango. Abiria wa kurudi walijaa, Kinyozi akasimama tena katikati yao, mikono mfukoni, anamweleza mtu asiyemjua kwamba basi kwa uendeshaji halina mfano, ila rangi, rangi mtaniambia nini, ni ya friji tu.

Baba alinyoosha mkono kwenye kipaza sauti kidogo kilichoning'inia karibu na usukani. Msimamizi alikuwa amewaagiza madereva wakitumie, yeye hakuwahi. Alikiangalia, akabonyeza, akakohoa, na kikohozi chake kikatoka kwenye dari yote hadi kiti cha nyuma.

"Abiria mliosimama," akasema, "shikeni vyuma. Tunaondoka." Akanitupia jicho. "Na wewe Kinyozi, nakuona."

Watu walicheka basi zima. Naye akaangalia mbele, akaondoa gari, huku amesahau kuachia kile kitufe, kwa hiyo sote tukamsikia anavyocheka peke yake.